Gari Lisilotaka Kwenda Peke Yake

Isevya, Tabora
Jumapili, baada ya ibada

Mama Tumaini,

Niwie radhi kwa kimya hiki kirefu. Barua yako ilinifikia mvua zikianza, na sasa mahindi ya watu hapa yamekwisha kubeba. Sikuugua, wala sikukusahau. Uliniuliza swali moja, kama ninakuja nyumbani au siji, na kila nilipokaa kulijibu niliinuka kwenda kulitazama gari. Goti lako linaendeleaje? Mama bado anakataa kulala chumba cha ndani? Mimi mwili ni mzima, ila situlii. Ninakula nimesimama. Bibi Mwajuma, mwenye nyumba hii, anasema nimeuchimba uwanja wake kwa viatu.

Nianze na jambo ambalo nisingependa ulisikie kwa mtu mwingine. Gari liliteleza nami. Sikuumia, na hakuumia mtu yeyote.

Unajua kwamba tangu nilipostaafu nimepewa kazi ya kukagua madarasa ya watu wazima, na kwamba mwisho wa juma huenda Lusu, upande wa Nzega, kwa pikapu yetu. Watu wa kijiji kile wamehamia pamoja hivi karibuni, na nyumba zao zimepangwa mstari kama madawati. Wana desturi moja: mgeni haachwi aondoke peke yake. Kila nilipogeuza gari kurudi Tabora, wazee wawili au watatu walipanda nyuma, pamoja na magunia ya mpunga. "Tunakusindikiza, Mwalimu," walisema. Nilijua kwamba wana shughuli zao mjini, lakini wao waliita kusindikiza, nami nikaita hivyo hivyo.

Siku ile wote walikuwa katika shamba la kijiji wakipalilia. Nikaondoka peke yangu, na nyuma hapakuwa na hata kikapu. Karibu na daraja dogo mbuzi alikatiza njia. Nilikanyaga breki. Magurudumu ya nyuma yaliganda pale pale, mkia wa gari ukanizunguka, nami nikajikuta ninatazama kule nilikotoka, nikiwa katikati ya karanga za mtu. Mwenye shamba alikuja akanikuta bado nimeng'ang'ania usukani. Aliniamkia kwanza, kama mtu aliyetembelewa nyumbani kwake. Niliitikia marahaba. Kisha akasema, "Mwalimu, njia ni ile pale."

Niliporudi niliamua kuutafuta ugonjwa huo mwenyewe, hapa hapa uani. Nimefundisha hesabu muda mrefu, na ninaamini kwamba kosa hutafutwa mstari kwa mstari. Magurudumu yaliyoteleza ni ya nyuma, basi nilianza nyuma. Nilipiga jeki, nikafungua, nikasafisha kutu na vumbi, nikafunga. Nikaenda kulijaribu gari kwenye barabara ya nyuma ya soko. Likaganda tena na kuteleza. Nikafungua tena. Nilifanya hivyo mpaka watoto wa jirani wakaacha kuja kutazama.

Mzee Masanja, mwenyekiti wa Lusu, alikuja kuniuliza kwa nini sionekani. Nilimweleza. Alilizunguka gari, akaligonga ubavuni kwa kiganja kama anayenunua ng'ombe.

"Gari ni zima hili," alisema. "Sisi tumelipanda masika yote. Halijawahi kuteleza."

"Mzee, limeniingiza shambani mwa mtu."

"Ulikuwa na nani?"

"Peke yangu."

"Basi ndiyo hayo. Mtu gani anaondoka kwa watu peke yake?"

Nilikasirika, kwa sababu hilo si jibu la mtu aliyeulizwa juu ya breki. Lakini halikunitoka akilini. Kwa nini gari lishike likiwa na watu, na liteleze likiwa tupu?

Jumatatu moja nilimwomba Bibi Mwajuma akae kwenye usukani anikanyagie pedali. Ninakuandikia haya mapema kwa kuwa mwenyewe amesema, "Mwalimu, mwambie mkeo kwamba nimekalia kiti chake, na ni chembamba." Ni mjane, ni mtu mzima kuliko mimi, na mdomo wake haupumziki.

Safari hii nilinyanyua kila gurudumu kwa zamu, hata yale ambayo sikuyashuku. Mengine niliyazuia kwa mawe. Lililonyanyuliwa nililizungusha kwa mkono, nikamwambia akanyage. La nyuma kushoto lilisimama. Akaachia, likazunguka. La nyuma kulia vivyo hivyo. Nikaja mbele.

"Kanyaga, Bibi."

"Nimekanyaga."

"Kanyaga basi."

"Mwalimu, nikikanyaga zaidi ya hapa mguu utatokea kwako."

Gurudumu lilikuwa linaendelea kuzunguka mkononi mwangu kama pia. La upande wa pili nalo lilizunguka. Breki za mbele zilikuwa zimelala, Mama Tumaini, sijui tangu lini. Kazi yote ilifanywa na yale ya nyuma, ambayo mimi nilikuwa ninayaadhibu. Gari likiwa na wazee na magunia, uzito uliyakandamiza chini yakashika. Likiwa tupu, yaliganda yakateleza. Watu wa Lusu walikuwa wakinisindikiza, na bila kujua wakawa ndio waliolishikilia gari barabarani.

Upande mmoja wa mbele nimeufungua nikauzibua, sasa unashika. Upande wa pili raba zake za kuzuia mafuta ya breki zimekatika, na gari likikanyagwa breki linavuta kushoto. Nimekwenda kwa Bwana Karim mwenye duka la vipuri. Hana raba hizo. Anasema zitakuja na treni kutoka Dar es Salaam, labda wiki ijayo. Wiki iliyopita alisema vivyo hivyo, akanikaribisha chai.

Sasa nifike kwenye swali lako. Nilikuahidi kwamba nitakapomaliza kazi nitakuja na gari hili, kwa sababu ndicho kitu pekee ninachoweza kukuonyesha kwa miaka yote hii. Njia ya kuja Rungwe ni pori refu, na sitakuja nalo peke yangu likiwa hivi. Nilimwambia Mzee Masanja aliporudi. Hakufikiri hata kidogo.

"Tutakusindikiza," alisema. "Mimi na ndugu yangu. Na magunia mawili. Mpaka kwa mkeo."

Babu zao walibeba mizigo kwa miguu kutoka hapa mpaka pwani. Kwenda Rungwe ndani ya gari wanaona kama kwenda kisimani. Nilimshukuru. Halafu nikamwuliza watarudi vipi Lusu.

Alinitazama kwa mshangao. "Si utatuleta?"

Umeona nilipo. Nikikubali kusindikizwa, nitafika, tutawapikia, na baada ya siku chache itanibidi nigeuze gari niwarudishe, maana mimi nami siwezi kuwaacha wageni waondoke peke yao. Nikingoja raba, sijui ninangoja mpaka lini. Naweza kuliacha gari Lusu, ambako halikosi watu wa kulijaza, walitumie kupeleka wagonjwa Nzega, nami nije kwa basi nikiwa na sanduku tu. Hilo nalo limo kichwani, lakini sijapata nguvu ya kulisema kwa sauti. Jana nilimwambia Bibi Mwajuma kwamba breki zikipona nitaondoka. Akacheka, akasema, "Zikipona utasema taa." Nilitoka nikaenda kutembea mpaka stesheni na kurudi, bila sababu.

Mpe Mama shikamoo yangu. Msalimie dada yangu Subilaga anayekusaidia shambani, na shemeji yako Mwakyoma, mwambie lile bati lililolegea asilikawize. Mwanetu Ambokile mwambie kwamba barua yake nimeisahihisha na ninaiambatanisha humu. Aiandike upya kwa mwandiko safi. Tumaini na mumewe wasalimie pia.

Nitakapoamua nitakuandikia, na haitakuwa barua ndefu. Nikikwambia utandike vitanda vya wageni wawili, utajua kwamba nakuja kukuona tu. Nikikutajia siku ya basi, usitandike kitu. Njoo kituoni na Ambokile abebe sanduku.

Mumeo,
Baba Tumaini