Mto Juu ya Kiti cha Cherehani

Binti yangu ndiye atakayeongoza upimaji wa misuli ya wazee wa mtaa mzima, Jumamosi hii saa tatu asubuhi! Yule yule niliyemsomesha kwa cherehani hii hii, leo anavaa koti jeupe na wazee wanamwita daktari, ingawa mwenyewe anakataa.

Mpendwa mshauri, samahani, furaha imetangulia salamu, hujambo? Naomba msaada, maana mwanangu alinieleza wanavyopima, mzee anakaa kitini, anakunja mikono kifuani, anasimama na kukaa mara tano bila kujishika popote, kisha anazungushiwa futi kwenye shavu la mguu, basi nikawatangazia wateja na majirani wote kwamba mimi ndiye nitakayefungua dimba, mwanangu akacheka, "Mama, wewe ndiye mfano wangu," sasa juzi nikajaribu peke yangu chumbani, nikasimama mara mbili, ya tatu miguu ikagoma, nikajipima kwa futi yangu ya kushonea, inchi kumi na moja na nusu, na mimi nilikuwa kumi na nne! Tangu hapo nimeweka mto kwenye kiti cha cherehani ili kiwe juu, na navaa soksi nne kwa mpigo ili shavu la mguu lionekane limejaa. Jana kaniuliza, "Mama, baridi hii imetoka wapi?" Je, nisingizie safari, mtoto asiaibike mbele ya wakubwa zake?

Mama Koti Jeupe

Mama Koti Jeupe, hongera, tena kubwa. Lakini soksi nne, dada yangu! Mteja akivuta tumbo ndani ukimpima, si unamgombeza kwamba gauni litambana? Basi jigombeze.

Huo si mtihani wa kufaulu. Umewekwa kwa ajili ya miguu kama yako, ipate mazoezi na chakula cha kuijenga kabla hujaanguka. Hata kwa umri wetu misuli hupata nguvu ikifanyishwa kazi. Mwanao amesomea kuwasaidia watu kama wewe, halafu wewe ndiye unayemkimbia? Kitakachomuumiza ni kukukuta sakafuni.

Leo hii toa huo mto. Mwite, mwonyeshe mara mbili ulizoweza na ya tatu iliyogoma. Akilia, mwache alie kidogo, kisha fuata atakachokwambia, na kama usiku unalalia chai tupu, acha. Dimba ulifungue vile vile, na hizo mara mbili zako, ili wanaojificha kama wewe wajitokeze. Mimi mwenyewe, mzee wa mtaa huo huo, siku hizi nasimama kwa kushika meza; nitakuwa nyuma yako kwenye foleni.

Waambie wateja na majirani: Jumamosi, saa tatu asubuhi, tunakuja wote.