Trekta Lilipanda Kinyumenyume

Jumatatu, 3 Novemba

Baba Pendo,

Nimefagia chini ya trekta, kama kila Jumatatu. Kuku bado wanataga nyuma ya plau. Leo mayai mawili.

Safari alinikuta na ufagio mkononi. Mdogo wako siku hizi habishi hodi, anakohoa tu getini. Anataka Jumamosi apakie trekta kwenye trela, alipeleke Mutuka, alime shamba letu kabla mvua haijashika. Nikamwambia nitafikiri. Akapima trela kwa kamba, akapiga fundo, kamba akatia mfukoni. Hakusema anapima nini.

Simwamini. Naandika hapa kwa sababu hakuna wa kumwambia.

Jumanne, 4 Novemba

Karibu mwaka, na habari ya kifo chako bado ni maneno mawili. "Lilimzidi, shemeji." Ndiyo aliyowaambia wazee msibani. Ndiyo aliyoniambia mimi.

Ninayoyajua ni machache. Mlikuwa Mutuka, wawili tu. Mmemaliza kulima, mnapakia mrudi nyumbani Nangara. Nilikupigia simu, nikakwambia mawingu yanashuka kutoka mlima Kwaraa. Ukasema, "Sawa, nakuja." Mvua yenyewe haikunyesha. Trekta liliinua pua kwenye vyuma vya kupandia trela, likageuka, likakulalia.

Safari hakupata hata mchubuko.

Alhamisi, 6 Novemba

Amekuja na fundi wa kuchomelea. Hakuniuliza. Wametoboa vile vyuma vya kupandia, wametia pini nene za kuvishika kwenye trela visichomoke. Pini zako za zamani, zile ulizozitunza kwenye kopo la maziwa ya unga, wamezitupa majanini. Nimeziokota zote nne. Nimezifuta kwa kanga.

Halafu akapaka mstari mweupe kwenye sakafu ya trela, mbele kidogo ya ule mwekundu ulioupaka wewe, pale tairi la nyuma lilipokuwa linasimama. Nakumbuka siku ile ulipaka na kidole kwa sababu brashi ilipotea. Rangi ilikaa kwenye ukucha wiki nzima, hata kanisani.

Jirani yetu Mama Tumaini alikuwa anachungulia kwenye ua. "Mwenzangu," akasema, "mtu akianza kupaka rangi kitu cha marehemu, ujue ameshakiita chake."

Nilicheka. Sikuona cha kuchekesha.

Ijumaa, 7 Novemba

Nilimwachia Safari ufunguo asubuhi, alisema anataka kuwasha tu injini. Nikaenda sokoni kununua mbegu za maharage. Narudi, trekta limegeuzwa. Plau ya nyuma inatazama trela.

Mama Tumaini aliona yote. Safari alipanda trela kinyumenyume na kushuka, mara tatu. Na kila mara kabla ya kupanda, anazima simu. "Anazima kabisa, anaiweka kwenye jiwe. Mume wa mtu huzima simu kwa sababu moja, huyu hata mke hana!"

Wewe ulikuwa unapanda kwa mbele. Nikamuuliza Safari kwa nini yeye anarudi nyuma. Akanieleza vizuri, kama mwalimu. Uzito uko kwenye plau. Ukipanda kwa mbele, plau inavuta chini, pua inanyanyuka. Kwa hiyo upande mzito utangulie juu.

Alijua. Alijua lini?

Kama alijua siku ile akanyamaza, basi yeye ndiye aliyekuua. Nimeandika hivyo na sifuti. Ufunguo nimeuchukua. Sikula.

Jumamosi, 8 Novemba

Ufunguo niliufunga kwenye pindo la kanga. Safari akaja na lori dogo na dereva wake, akafunga trela, akanyoosha mkono. Sikumpa. Nikamuuliza, siku ile ulijua kwamba kaka yako anatakiwa apande kinyumenyume?

"Nilijua, shemeji."

Ukanyamaza?

"Sikunyamaza. Nilimwambia. Alikubali, alikuwa ameshaanza kuligeuza." Akatazama chini. "Shemeji, yaishe."

Nikasema hayaishi.

"Simu ikaita. Aliiweka spika. Ukasema mvua inakuja, aharakishe. Akasema basi, leo tupande hivi hivi, Mama Pendo ananisubiri. Ningesema hayo, wazee wangeuliza nani alipiga. Ndiyo maana nikasema lilimzidi."

Nilikaa juu ya lile gogo ulilokuwa unakalia kunywa chai. Sijui muda gani. Hakuondoka.

Kisha akasema gogo nililokalia linahitajika. Nikainuka. Akaliweka chini ya mkia wa trela, usididimie trekta likipanda. Lori liko mahali tambarare, hendibreki juu, mawe kwenye matairi. Pini zote ndani. Nikampa ufunguo. Akazima simu, akaniletea mimi niishike. Akaniambia nisimame getini, asiwepo mtu nyuma wala pembeni.

Plau ameibeba chini, karibu iguse vyuma. Gia nzito. Polepole mno. Nilihesabu pumzi zangu. Tairi likafika kwenye mstari mweupe, likasimama. Akashusha plau mpaka ikalala kwenye sakafu, akazima injini. Minyororo minne kwenye trekta, mmoja wa peke yake kwenye plau. Niliivuta yote kwa mkono wangu. Haikucheza.

Nilimshuku mwaka mzima. Yeye alikuwa ananisitiri.

Jumapili, 9 Novemba

Kanisani sikuimba. Mama Tumaini akauliza, limeshauzwa? Nikamwambia linalima. Nimeweka pini zako kwenye lile kopo la maziwa.

Jumatano, 12 Novemba

Shamba limekwisha kulimwa. Leo ndiyo Safari na dereva walikuwa wanarudi. Mchana mawingu yalishuka kutoka Kwaraa, meusi. Nikashika simu. Nikairudisha mezani, nikaenda kuchambua maharage.

Mvua ikawanyeshea hukohuko. Jioni Safari akapiga mwenyewe. "Tumelowa kama vyura, shemeji, lakini tumefunga minyororo. Tunakuja." Nikamwambia asiharakishe. Nikachemsha chai ya watu wengi.

Trekta liko mahali pake. Kuku mmoja ameshaingia chini.

Baba Pendo, sauti yangu ya mwisho kwako ilikuwa ya kukuharakisha. Siwezi kuirudisha. Ukinikumbuka huko uliko, usinikumbuke kwenye simu. Nikumbuke hapa, na ufagio, Jumatatu.