Idi ya Alhamisi

Bagamoyo, 3 Oktoba 1954

Kaka Mbaruku,

Shikamoo. Baada ya salamu, natumai hujambo mwili huko rumande. Sisi huku wazima wa kutembea tu. Mkeo Sihaba tumbo limemlemea, na hali chakula mpaka nimkaripie.

Mji hauna habari nyingine. Wanasema chama cha wenye minazi kimelipa pesa za mbata, nazi kavu ambayo haikupata kuwapo, na karani aliyeshika kitabu cha mizani ni wewe. Tangu uchukuliwe sijasikia neno kutoka kinywani mwako. Watu wananinyamazia kisimani. Niambie nifanye nini utoke, kwa maana usingizi umenihama.

Mdogo wako,
Mwanaharusi

Dar es Salaam, 10 Oktoba 1954

Mdogo wangu,

Marahaba. Mimi nina pumzi, namshukuru Mungu kwa hiyo. Mpe Sihaba pole.

Barua husomwa kabla hazijatoka, basi nasema kwa ufupi. Sikuiba. Kitabu changu kiliondolewa kabatini, kikawekwa kingine chenye wauzaji wa uongo. Ufunguo tulikuwa nao wawili tu, mimi na katibu wetu, marehemu Mzee Mwinshehe. Mungu amsamehe. Mkaguzi wa hesabu anakuja huko, nenda ukanisemee. Kesi ni tarehe 8 Novemba. Wakinitia hatiani ni miaka, nami hapa siku moja yanishinda. Sina mwingine ila wewe.

Kaka yako,
Mbaruku

Bagamoyo, 28 Oktoba 1954

Kaka yangu,

Shikamoo. Leo nakuandikia nikicheka peke yangu, hata Sihaba ameniuliza kama nina homa. Kala sahani nzima ya wali.

Mkaguzi alikaa barazani kwa liwali siku tatu. Mtu mwembamba, hanywi hata chai ya watu. Alisema kitabu kile wino wake ni mmoja tangu Aprili hadi Juni, na kurasa hazina hata doa moja la mafuta. Kitabu cha ghala la mbata kinakuwaje kisafi kuliko shuka ya bibi harusi? Alishuku kimeandikwa kwa mkao mmoja, ila alitaka uthibitisho. Basi akawa anatusomea siku baada ya siku. Jumatano, tarehe 2 Juni, Idi, ghala limefungwa. Alhamisi, tarehe 3, wauzaji ishirini na watatu.

Nikasimama. Nikamwambia, "Bwana, Idi ilikuwa Alhamisi." Kalenda ya ukutani ilisema Jumatano, lakini mwezi haukuandama, tukakamilisha funga thelathini. Alhamisi ulitoka kuswali ukaja kula kwangu. Baraza zima likaitikia. Aliyeandika alikaa na kalenda baadaye, akasahau kwamba Idi haifuati kalenda. Ni yaleyale uliyoniambia!

Akasema sasa imebaki kujua ni mkono wa nani. Nikakimbia nyumbani nikamletea barua yako, aone kwamba si wako. Nami nimeitwa nikaape mahakamani.

Bi Tatu, mjane wa Mwinshehe, vitumbua vyake havinunuliwi tena. Hata mimi nimeacha. Akome.

Mdogo wako,
Mwanaharusi

Dar es Salaam, 2 Novemba 1954

Mwanaharusi,

Leo sina salamu. Anayekuletea barua hii amefunguliwa asubuhi, ndiyo maana naweza kusema.

Kitabu nimekiandika mimi. Mwinshehe hakujua lolote. Alipofariki Julai nikapata pa kuutua mzigo. Zile bati za nyumba yangu ndizo pesa zenyewe. Niliposikia hesabu zitakaguliwa niliteketeza vitabu vyangu vyote, nikaandika miezi mitatu kwa siku mbili, kalenda mbele yangu. Idi niliyoswali mwenyewe, pilau niliyokula kwako, nikaisahau. Hakuna mwandiko wangu mwingine uliosalia duniani ila barua uliyompa.

Nakuomba kwa ziwa tulilonyonya. Nitakapokuuliza mahakamani, sema ile barua aliniandikia mahabusi mwenzangu. Neno moja tu. Wafu hawafungwi, mdogo wangu. Mimi nafungwa. Hii ichome.

Kaka yako

Bagamoyo, 19 Novemba 1954

Kaka Mbaruku,

Shikamoo. Sihaba amejifungua mtoto wa kike juzi, wote wazima. Amemwita Mgeni. Wako kwangu, kwa kuwa nyumba yako imetiwa kufuli na chama.

Barua yako sikuichoma. Ilikuwa kifuani mwangu nilipoushika Msahafu, na mpaka nilipoushika sikujua nitasema nini. Nilikuwa tayari kusema uongo. Hukuwa na wakili, ukasimama mwenyewe, ukauliza, "Shahidi, barua hii si aliandika mwenzangu?" Uliniita shahidi. Mbele yangu alikaa Bi Tatu na kilemba cha mumewe mapajani. Nikasikia kinywa changu kinasema, "Huu ni mkono wa aliyenishika wangu nikajifunza kuandika jina langu."

Hukuniangalia tena, hata hakimu aliposema miaka mitatu. Nimekufunga mimi, kaka. Najua hivyo kila nimsikiapo mtoto analia.

Umesema wafu hawafungwi. Bi Tatu alikuwa amefungwa, na kufuli nilishika mimi. Nimekwenda kununua vitumbua; hakutaka pesa yangu, nikaiweka kizingitini nikaondoka.

Idi nitakuja na pilau. Nitakuja siku mwezi utakapoandama, wala sitaitazama kalenda. Ukikataa kutoka kuniona, nitampa askari pilau na sahani yake.

Mdogo wako, ukinikubali,
Mwanaharusi