Mkoba wa mwendesha mashtaka

Shoga, Celina wetu kaumbuka leo mahakamani!

Si ndiye mwendesha mashtaka kwenye kesi ya yule mwizi wa mikoba Kariakoo? Kamsimamisha mwenye duka, Bi Zeina, akamuuliza kwa mbwembwe: "Mikoba yako unaitambuaje?"

Bi Zeina akajibu taratibu: "Kila mmoja nimeushonea uzi wa kijani ndani ya mkanda. Kama huo wako."

HUO WAKO! Mkoba alioturingishia wiki nzima, kumbe kaununua bei ya kutupa kwa machinga wa mtaa wa Gerezani!

Hakimu akaomba auone. Uzi huo hapo, kijani kibichi.

Celina katoka kakumbatia wanja, chaja na funguo. Mkoba umebaki kielelezo.

Na kesi kapewa mwingine, shoga. Yeye sasa ni shahidi!