Mzee wa kiti cha pembeni

Shoga, pokea simu! Kidoti wetu kapelekwa polisi. Kidoti huyuhuyu, asiyeweza kuiba hata sukari ya kwao!

Unaujua ule mkono wake uliowahi kuvunjika. Akigawa karata hapa kasino, ile anayopaswa kuifunika huinuka kidogo bila yeye kujua. Kuna mzee hukaa kiti cha pembeni, anaiona, anashinda. Leo walinzi wakamshika.

Meneja kaangalia kamera, kasema, "Kuona kwa macho yako si wizi. Uzembe ni wetu. Nenda zako, mzee, usirudi."

Yameisha, si ndiyo? Mzee kafika mlangoni. Meneja akaanza kumfokea Kidoti mbele ya watu, mkono mbovu, kichwa kibovu. Mzee akarudi mbio: "Msimwonee mwanangu!"

Mwanangu! Kumbe ndiye yule baba aliyewakimbia Kidoti na mama yake, mtoto akiwa bado ananyonya. Alikuwa anakuja kumtazama mwanawe tu, jamani, karata zikamkuta hapo.

Meneja akasema, "Kumbe mnajuana! Basi hii ni njama."

Mzee analia, "Hanijui! Haki ya Mungu hanijui!" Nani amwamini? Kidoti kasimama anamkazia macho, kama anatafuta pua yake mwenyewe kwenye uso ule. Wakamuuliza, "Huyu ni nani yako?"

Angesema hamjui, shoga. Si ni kweli hamjui?

Akasema, "Ni baba."