Pua ya Babu wa Volkasio

Roma, mlimani kwenye hekalu la Juno, zinakogongwa sarafu

Kwa dada yangu mpenzi Mirto,

Salamu nyingi. Natumai barua hii itawakuta wazima, wewe, shemeji na yule mtundu wenu. Mimi sijambo, ila macho yamechoka kwa kuchonga mihuri ya sarafu, na zeituni za Tarento bado nazitamani. Usinicheke.

Uliniandikia kwamba uso wa baba umeanza kukupotea, na mwanao akiuliza babu yake alifananaje, huna la kumjibu. Dada, maneno hayo yaliniuma. Watumwa kama tulivyokuwa sisi hawawekewi sanamu.

Sasa sikia ya huku. Bwana Volkasio, kijana aliyechaguliwa mwaka huu kusimamia ugongaji wa sarafu, alitaka dinari mpya iwe na kichwa cha babu yake mkuu, jemadari. Ndivyo walivyo, kila mmoja na ukoo wake. Akaniletea kinyago cha nta cha huyo marehemu kutoka ukumbini kwao. Loo! Panya walikuwa wametafuna pua na kidevu chote. Nikauliza pua ilikuwaje. Akasema ya kijemadari. Shangazi yake akadakia kwamba ilikuwa kama ya tai. Mjomba naye akamkata kauli: "Wewe ulimwona wapi? Hata mama yako hakumwona!" Wakazozana weee, mwisho wakaniambia nitumie akili yangu.

Nikaitumia.

Juzi dinari ya kwanza ilipogongwa, nilijua kwamba wakigundua, kazi sina na pengine ngozi pia sina. Shangazi akaigeuza kwenye mwanga, machozi yakamlengalenga. "Ni yeye! Damu yetu kabisa! Hata kovu la vita hili hapa kidevuni!" Bwana Volkasio akanikumbatia mbele ya wagongaji wote.

Dada, hili nakuambia wewe tu. Kovu lile si la vita, ni la tanuri la vyungu. Na nundu ya pua ni ya lile teke la punda, unalikumbuka. Askari watalipwa uso wa baba yetu hadi Hispania, nami kila nyundo ikishuka nacheka kimoyomoyo. Sijapata kufurahi hivi tangu tuachwe huru.

Nimekufungia moja humu. Mtoto akiuliza, mpe aishike. Maandishi ya pembeni yana jina la watu wengine, usiyajali. Barua ichome, na dinari tafadhali usiinunulie samaki.

Nisalimie shemeji na majirani wote wanaonikumbuka.

Ndugu yako akupendaye,
Filoni, mwana wa Zopiro mfinyanzi