Injini ya Caprice ya Marehemu Ghanim

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo cha Polisi, Maskati. Alhamisi, tarehe 30 Oktoba 2025, saa tatu na dakika kumi asubuhi.

Jina: Jawaher binti Ghanim bin Jaifar. Umri: miaka 59. Alipozaliwa: Unguja. Kazi: mwalimu mstaafu wa hisabati. Makazi: Madinat Sultan Qaboos. Uhusiano na mlalamikaji: dada yake, baba mmoja mama mmoja. Uhusiano na mtuhumiwa: hakuna, ila hutengeneza gari langu.

Nimekuja hapa mwenyewe, sikuitwa na mtu. Nimemuomba Afisa Majid aniandikie kwa Kiswahili, kwa sababu mtu aliyewekwa ndani hajui kusoma Kiarabu, na nataka asomewe kila neno ninalolisema. Afisa amesema itabidi maelezo yatafsiriwe kwa Kiarabu kwanza. Nimemwambia yatafsirini, mimi sina haraka.

Ndugu yangu Marhoon ameleta malalamiko kwamba Obedi, fundi wa gereji moja ya Wadi Kabir, ameiba injini ya asili ya gari la marehemu baba yetu na kuweka nyingine mahali pake. Gari lenyewe ni Chevrolet Caprice ya mwaka 1986. Si kweli. Injini hiyo aliitoa baba yetu mwenyewe mwaka 1997, nami nilikuwepo.

Afisa Majid ameniambia historia ya gari si lazima. Nimemjibu kwamba kwa kesi hii ni lazima, na aandike.

Baba alifanya kazi idara ya maji. Alipolinunua gari hilo jipya alilileta nyumbani akatupanga watoto wote uani, akatusomesha kama tuko chuoni. Kwamba kampuni ilianzishwa Detroit mwaka 1911. Kwamba Chevrolet lilikuwa jina la mtu, dereva wa mashindano aliyezaliwa Uswisi, na mtu huyo hakukaa hata miaka mitano, akaondoka na jina lake akaliacha kwenye magari ya wengine. Kwamba mwaka 1955 walitoa injini ya silinda nane, na ilivyokuwa nzuri hawakuibadili umbo kwa miaka mingi sana. Hilo la mwisho naomba lipigiwe mstari. Maana yake ni kwamba injini ya pikapu ya Chevrolet inakaa ndani ya Caprice bila kukata chuma, na mtu asiyejua akifungua boneti haoni tofauti. Tofauti iko kwenye namba tu. Tarakimu za mwisho za namba ya chesisi ya gari hugongwa pia kwenye injini iliyotoka nalo kiwandani.

Kila Ijumaa baada ya sala wenye Caprice walikuja majlis kwetu, ukumbi wa wageni. Walikuwa wanane au tisa, wengi ni watu wetu wa Unguja. Kila mmoja alikuwa na kisa chake na alikisema kila wiki. Mmoja alikwenda Makka kufanya umra na watu saba ndani, mizigo juu, asibadilishe hata plagi. Mwengine mkewe alijifungua kiti cha nyuma kabla hawajafika hospitali, na mpaka leo mtoto yule wanamwita Kaprisi. Walipoacha kuitengeneza Caprice Marekani mwaka 1996, na baadaye jina lile likaja na gari lililotengenezwa Australia, majlis iligawika. Wawili walinunua hiyo mpya. Baba akawa hawapi kahawa mpaka waombe.

Nayasema haya ili ieleweke huyu alikuwa mtu wa namna gani. Alikuwa mkweli kwa kila kitu. Alitulipisha nauli hata pale kondakta aliposahau. Lakini kwenye gari lile alikuwa na kiburi, na kiburi chake kilikuwa kwamba gari lake ni lile lile lililotoka kiwandani, halijafunguliwa, na hakuna wadi, bonde linalojaa maji ikinyesha milimani, inayoweza kulisimamisha.

Mwezi wa Februari 1997, siku siikumbuki ila ilikuwa baada ya adhuhuri, tulikuwa tunarudi mjini mimi na yeye. Mvua ilikuwa imenyesha milimani. Tulipofika Wadi Adai maji yalikuwa yanapita juu ya barabara, rangi ya chai ya maziwa. Magari mengi yalisimama, hata Land Cruiser. Nilimwambia, "Baba, tungoje." Akasema, "Hawa wanaogopa maji ya kutawadhia." Akaingia.

Tulifika katikati. Maji yalipita juu ya taa. Injini ilikohoa mara moja ikazima. Angeliacha hapo pengine ingepona, lakini aliwasha tena, na tena, na mara ya tatu nikasikia chuma kinavunjika. Konrodi mbili, zile fimbo za pistoni, zilipinda na moja ikatoboa ubavu wa injini. Tulivutwa na moja ya zile Land Cruiser zilizokuwa zikingoja. Baba alikaa ndani ameshika usukani, suruali imelowa mpaka magotini. Kosa lilikuwa lake. Gari halikuwa na kosa lolote, na yeye alilijua hilo kuliko mtu yeyote.

Wiki ya pili alipata pikapu ya Chevrolet iliyogongwa nyuma, iko kwenye chuma chakavu Wadi Kabir. Akatoa injini yake akaitia kwenye Caprice. Fundi alikuwa mzee wa Kihindi ambaye ameshafariki kwao. Mimi nilisimama hapo siku mbili kwa sababu baba hakutaka mtu mwengine ajue. Wenziwe wa majlis aliwaambia gari limekwenda kupakwa rangi, na ili asiwe muongo akalipaka kweli. Lilikuwa la kahawia likarudi jeupe. Aliniambia, "Jawaher mwanangu, hili libaki baina yangu na wewe na Mungu." Nikamuitikia. Nilikuwa na miaka thelathini na moja, mke wa mtu, nikamuitikia kama mtoto.

Ile iliyovunjika hakuweza kuitupa. Aliiosha, akaipaka grisi, akaifunga turubai, akaileta kwangu kwa sababu kwake Marhoon angeiona. Ipo stoo kwangu, nyuma ya masanduku ya nguo. Mume wangu aliambiwa ni pampu ya kisima cha shamba la Barka, na hajawahi kuuliza kwa nini shamba la Barka halijapata kuwa na kisima.

Baba aliendelea kusema injini ni ya asili. Alisema hivyo kila Ijumaa kwa miaka ishirini na zaidi, mimi nikiwa upande wa pili wa ukuta namimina kahawa. Baba yangu alidanganya. Nampenda, nazuru kaburi lake, na alidanganya.

Amefariki mwezi wa Aprili mwaka jana. Gari ni urithi wetu sote, na Marhoon alitaka liuzwe kwa mtu wa Imarati anayekusanya magari ya Kimarekani. Akalipeleka kwa Obedi kwa ajili ya gia boksi na breki. Mimi ndiye niliyempendekeza Obedi. Hilo pia liandikwe.

Jumanne tarehe 7 Oktoba 2025, saa nne na robo asubuhi, nilikuwa gereji hapo pamoja na Marhoon. Obedi ana desturi yake. Kabla hajagusa spana, hufungua boneti na kuandika kwa chaki upande wa ndani kila kitu alichokikuta kibovu au kisicho cha gari hilo, na tarehe. Mwenye gari asome kwanza, ndipo kazi ianze. Mafundi wenzake humcheka, wanamwita Mwalimu. Siku hiyo aliandika mistari minne. Wa kwanza ulisema: INJINI SI YA GARI HILI.

Akasema, "Mzee Marhoon, kabla sijaanza naomba tuelewane. Hii namba haifanani na ya chesisi. Injini ni nzuri, ila siyo yake. Nisije nikaambiwa ni mimi."

Marhoon akasema, "Wewe kakufundisha nani kusoma namba? Gari la baba hili. Shughulika na gia boksi."

Kisha akatoa leso yake mfukoni akaufuta mstari ule wa kwanza. Mitatu iliyobaki akaiacha. Obedi alinitazama mimi. Nadhani alingoja niseme kitu, kwa kuwa mimi ndiye ninayemfahamu. Sikusema. Naomba hili liandikwe waziwazi: tarehe 7 Oktoba nilijua kila kitu na nilinyamaza. Miaka ishirini na nane ya kunyamaza ilishanizoesha. Ningesema neno moja pale, Obedi asingelala ndani hata usiku mmoja.

Jumapili tarehe 26 Oktoba mnunuzi alikuja na mtu wake wa kukagua. Sikuwepo. Najua tu kwamba walisoma namba, wakakataa gari, na kwamba Marhoon aliaibika mbele yao.

Jumanne tarehe 28, saa mbili asubuhi, Evodia alikuja kwangu. Evodia ni mke wa Obedi, anafanya kazi saluni. Alikuwa amesimama mlangoni na sare yake ya kazi. Aliniambia, "Mama, Obedi wamemchukua jana. Wanasema kaiba injini. Mama, yule hawezi kuiba hata nati." Alisema kafili wake, mwajiri aliyemdhamini viza, ameshamwambia kwamba akitoka hapa anarudishwa Tanzania. Hakulia. Aliniuliza kama nakumbuka chaki. Nikaona haya mpaka nikashindwa kumkaribisha ndani.

Nilimpigia Marhoon simu dakika ile ile. Nikamweleza yote, wadi, pikapu, rangi, na kwamba injini ya asili iko stoo kwangu. Akasema, "Dada, niachie mie. Ntajua la kufanya." Nilidhani atakwenda polisi kufuta malalamiko. Nilimuamini, ni mdogo wangu, nimembeba mgongoni.

Jana, Jumatano tarehe 29, saa kumi alasiri, Marhoon alifika nyumbani kwangu na pikapu na vibarua wawili. Hakukaa. Alisema, "Nnakuja kukichukua hicho chuma. Kitupwe, yaishe."

Nilimuuliza Obedi je. Akasema, "Fundi yule atapata kazi kwao. Baba hatapata jina jingine."

Nilitoa kiti cha plastiki nikakiweka mbele ya mlango wa stoo nikakikalia. Nilimwambia, "Wambie hao watu wako waninyanyue."

Vibarua hawakusogea. Mmoja wao alitazama chini. Marhoon akasema, "Baba yuko kaburini na wewe unataka kumvua nguo mbele ya watu? Kwa ajili ya fundi? Watu wa Ijumaa watasema nini?"

Nikasema, "Baba hayuko mahabusu, Marhoon. Obedi ndiye aliye mahabusu."

Akasema, "Wallahi ukienda polisi, mimi na wewe khalas."

Nikasema, "Basi khalas." Aliondoka saa kumi na dakika ishirini na tano. Nilikaa kwenye kiti mpaka magharibi, nikatia kufuli, na ufunguo huu hapa mezani.

Kwa hiyo ndugu yangu tangu Jumanne anajua kwamba Obedi hakuiba kitu, na hajafuta malalamiko. Nna hasira naye, na sioni sababu ya kuificha. Yeye anasema analinda heshima ya baba. Mimi nasema heshima inayohitaji mtu asiye na kosa afungwe siitaki, hata ikiwa ya baba yangu. Na baba mwenyewe, aliyetulipisha nauli, asingeitaka. Angekuja hapa kwa miguu.

Nipo tayari kuyasema haya mahakamani, kwenye majlis, na mbele ya kila mwenye Caprice aliye hai. Kapokeeni injini stoo kwangu, nendeni watu wanne maana ni nzito. Namba iko mbele upande wa kulia, chini ya grisi, ifutwe taratibu. Atakayesema nimetunga, aje aisome.

Hayo ndiyo niliyoyaona kwa macho yangu na kuyanyamazia kwa kosa langu. Sina la kupunguza.

(Sahihi) Jawaher Ghanim

MAELEZO YA AFISA MPOKEAJI

Maelezo haya yametolewa kwa hiari mbele yangu, nimemsomea shahidi naye amekiri ni sahihi. Nilimuuliza kama neno "alidanganya" alilolisema juu ya marehemu baba yake ningeliandika kwa namna nyepesi zaidi. Alifuta macho, akasema libaki.

Saa sita na dakika ishirini mchana injini imeletwa kutoka makazi ya shahidi. Ina tundu ubavuni. Namba imesafishwa na kusomwa mbele ya mlalamikaji, niliyemwita kituoni, na inalingana na chesisi ya gari. Mlalamikaji akaomba ruhusa ya kuondoka. Alipita mbele ya dada yake bila kumsalimia.

Nimemweleza shahidi kuwa mtuhumiwa hataachiwa mpaka jalada lipitiwe na mkubwa wangu, jambo ambalo huenda likafika kesho, na nimemshauri aende nyumbani. Amekataa. Amesema dawa zake za presha anazo mkobani, na kwamba ametoka kwake akiwa amesema atarudi na Obedi au hatarudi. Nimemkumbusha kuwa kituo si mahali pa kulala. Amenijibu kuwa mama yangu alikuwa mwanafunzi wake, na nimpigie nimuulize kama mwalimu Jawaher amewahi kuondoka darasani kabla ya hesabu kuisha.

Jalada nimelipeleka kwa mkubwa wangu kwa mkono, saa nane na nusu. Shahidi yupo benchi la mapokezi pamoja na mke wa mtuhumiwa.

(Sahihi) Majid, Afisa Mpokeaji